Kosa la Kuwaficha Waliopona

Yako maradhi ambayo watu wa nchi yetu hawapendi kuyataja kwa jina lake. Mtu mwenye malaria husema kuwa ana malaria, na aliyevunjika mguu huonyesha bandeji yake kwa kila amtazamaye. Lakini mwanamke akipatwa na saratani ya matiti, sauti za jamaa zake hushuka mara moja. Watu huambiwa kwamba ana ugonjwa ule, au ana maradhi mabaya, au hajisikii vema siku hizi. Akifa, hutangazwa kuwa ameaga dunia baada ya kuugua kwa muda mrefu. Akipona, hapana tangazo lolote. Nimeshika kalamu kwa sababu ya jambo hili la mwisho. Naamini ya kuwa kumficha mwanamke aliyepona ni kosa, tena si kosa dogo lisilodhuru, bali ni kosa linaloua. Na sote tunalishiriki, wake kwa waume, wazee kwa vijana.

Msomaji kijana, kama umecheka kwa kuliona neno titi limepigwa chapa katika kitabu cha shule, cheka upesi umalize, kisha tuendelee. Kicheko hicho hakikuanza nawe. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanamke mmoja wa New York, aliyekuwa ameponea saratani ya matiti, alipiga simu kwa gazeti moja kubwa la mji ule, akataka litangaze mkutano wa wanawake waliougua kama yeye. Akajibiwa kwamba gazeti haliwezi kuchapisha neno titi wala neno saratani. Akashauriwa aseme kuwa ni mkutano juu ya maradhi ya ukuta wa kifua. Mama yule alikata simu kwa hasira, na mimi simlaumu. Mgonjwa wa ukuta wa kifua ni nani? Mwanamke mwenye uvimbe titini angejuaje kwamba mkutano ule ulikuwa wake?

Wala aibu hii si ya jana. Herodotus, Mgiriki aliyeandika historia zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, ametupa habari za Atossa, malkia wa Uajemi, mke wa mfalme Darius. Malkia huyu alitoka uvimbe titini. Ulipokuwa mdogo aliuficha kwa haya, asimwambie mtu yeyote. Ulipopasuka na kuenea, ndipo alipomwita Democedes, tabibu wa Kigiriki aliyekuwa mateka katika nchi ile, naye akamponya. Kama uvimbe ule ulikuwa saratani, hapana awezaye kuthibitisha leo. Ninalotaka ulione ni hili: mwanamke aliyekuwa na watumishi kila pembe na matabibu nyumbani mwake aliona afadhali kuteseka peke yake kuliko kutamka neno moja. Ikiwa malkia aliogopa, mkulima wa mahindi mwenye wakwe wakali atafanyaje?

Sasa nieleze jinsi kosa hili linavyofanya kazi yake. Tufanye mfano wa kubuni. Katika kata moja wanawake kumi wamepatwa na saratani ya matiti. Watano wamekufa na watano wamepona. Wale waliokufa kila mtu anawajua, maana matanga yao yalikaliwa, majeneza yao yalibebwa, na watoto wao wanaonekana njiani bila mama. Wale waliopona hakuna awajuaye. Mmoja alisema alikwenda kumwuguza dada yake. Mwingine alisema amepasuliwa tumbo. Wa tatu alihama. Mtu wa kata ile akihesabu kwa macho yake atapata watano waliougua na watano waliokufa. Hatasema uongo akisema kwamba saratani ni kifo, atasema alichokiona. Halafu mwanamke wa kumi na moja anaoga, na mkono wake unagusa kitu kigumu. Afanye nini? Hospitali ni gharama, safari ni ndefu, mume atauliza, na mwisho wa yote, kwa ushahidi alio nao, ni kaburi. Ananyamaza. Anakwenda kwa mganga wa miti shamba, anaomba dua, anangoja. Siku anayofikishwa hospitalini, maradhi yamekwisha kuingia katika mifupa au mapafu. Anakufa, na kifo chake kinaongezwa katika hesabu ile ile iliyomwua.

Sisemi haya kwa kuwaza tu. Katika nyumba yetu, katika mji mmoja wa pwani, walikaa wanawake wawili: shangazi yangu, na mke wa ami yangu. Walikuwa mawifi waliopendana. Walipika jiko moja, walisukana nywele barazani, na mikeka waliyoisuka waliiuza pamoja na kugawana faida. Mwaka 1986 shangazi alisafiri kwenda Nairobi. Tuliambiwa kwamba amekwenda kumsaidia jamaa aliyejifungua. Alikaa huko miezi mingi, akarudi amekonda, na toka siku hiyo hakuoga tena na wenzake wala hakukaa na vazi jepesi, hata joto la mwezi wa Machi liwe kali namna gani. Watu wawili tu walijua sababu, mumewe na mama yake. Titi lake la kushoto lilikuwa limekatwa, akachomwa kwa mionzi, akapona.

Miaka 17 ilipita. Mwaka 2003 wifi yake aliona kijivimbe kigumu, kisichouma, kiasi cha punje ya kunde. Akanyamaza mwaka mzima na zaidi, akijipaka mafuta na kunywa mizizi usiku watu wakiwa wamelala. Uvimbe ulipokwisha kutoboka hapakuwa tena na siri, maana harufu haifichiki. Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu, "Niseme ili iwe nini? Mimi sijaona hata mmoja aliyepona." Maneno hayo aliyasema amelala kitandani, na aliyekuwa ameketi ubavuni pake, akimpepea kwa upepeo wa ukili, alikuwa shangazi yangu.

Alifariki mwaka 2005. Habari ya matanga yake nitaieleza baadaye.

Huenda msomaji akafikiri kuwa nyumba moja si nchi. Basi tutazame mbali zaidi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba katika nchi tajiri wanawake zaidi ya 90 katika kila 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa kuwa na saratani ya matiti, ilhali India ni 66, na Afrika Kusini ni 40 tu. Kwa Kenya, makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya 6,799 na vifo 3,107. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia uliwafuata wanawake wenye maradhi haya, ukaona kwamba nusu yao hivi hawakumaliza miaka mitatu. Uchunguzi huo ukahesabu tena jambo ambalo mahesabu ya hospitali aghalabu hayalihesabu: kwa kila wanawake 100 waliokufa kabla ya umri wa miaka 50, watoto 210 walibaki bila mama. Maradhi ni yale yale. Kinachotofautiana ni siku ambayo mgonjwa humfikia tabibu, na yale anayoyakuta akifika.

Jina lenyewe limesaidia kutisha. Saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, yule mnyama wa pwani mwenye magando. Na Wagiriki nao waliyaita maradhi haya kwa jina la kaa, kwa vile mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe ilifanana na miguu yake. Lakini hapana mnyama ndani ya mtu. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana zinazozaliana kwa utaratibu na kuacha kwa utaratibu. Saratani ni chembe zilizosahau kuacha. Mwanzo hukaa mahali pamoja, na hapo zinaweza kuondolewa zote. Zikiachwa husafiri kwa njia ya damu na tezi, kwanza aghalabu kwapani, kisha mbali. Haziambukizi kwa kikombe wala kwa shuka. Hazitokani na kijicho cha jirani. Wagonjwa walio wengi hawana hata mama wala dada aliyeugua kabla yao. Wenye kurithi ni wachache. Wanaume pia hupatwa, ingawa hawafiki hata mmoja katika kila wagonjwa 100 au ni kiasi hicho, na kwa kuwa hawatazamii jambo hilo huchelewa kama wanawake. Tena uvimbe mwingi unaoonekana matitini si saratani hata kidogo. Anayejua hivyo huenda kupimwa kwa moyo mwepesi, na asiyejua hujihukumu kabla ya kupimwa.

Iko imani moja iliyoenea ambayo lazima niipige vita hapa: kwamba kisu hueneza saratani, na kwamba mgonjwa akikatwa ndipo hufa. Nimeisikia kwa watu wenye shahada, si kwa wasiosoma peke yao. Imani hii nayo ni mtoto wa siri. Aliyechelewa hukatwa maradhi yakiwa yamekwisha kusafiri. Hufa baada ya miezi michache, na jamaa waliokuwapo wameona mambo mawili yakifuatana, kisu kisha kaburi. Aliyewahi hukatwa na kuishi miaka 20 au 30, lakini jamaa hawaoni kisu wala kovu, maana vyote vimefunikwa. Kwa hiyo kisu kimebebeshwa lawama ya vifo, na kimenyimwa sifa ya uzima.

Wala uzima huo si habari ya siku hizi tu. Fanny Burney, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, alikatwa titi huko Paris mwaka 1811, kabla ya kugunduliwa dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu. Alisikia kila kitu. Baadaye aliandika barua ndefu kwa dada yake akaeleza kitendo chote, barua ambayo husomwa mpaka leo na wenye moyo mgumu. Aliishi miaka 28 baada ya siku ile, akafariki mwaka 1840 akiwa na umri wa miaka 87. Sijui ni wangapi katika zama zake walioisikia habari hiyo wakapata nguvu. Nafikiri walikuwa wachache, kwa kuwa barua ilikuwa ya ndugu, si ya umma.

Lakini tazama kilichotokea jambo hili liliposemwa mbele ya umma. Mnamo Septemba 28, 1974, Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, alikatwa titi la kulia. Mumewe alikuwa na wiki chache tu katika urais. Wangeweza kusema kuwa ana uchovu, au ana maradhi ya wanawake, na waandishi wa magazeti wa zama zile wangeona haya kuuliza zaidi. Badala yake ukweli ulitangazwa kwa jina lake. Barua zikamiminika kwa maelfu. Wanawake wakajipanga milango ya hospitali kupimwa, hata hesabu ya wagonjwa waliogunduliwa katika nchi ile ikapanda. Si kwa kuwa maradhi yameongezeka, bali kwa kuwa waliokuwa nayo kimya walijitokeza. Mmoja wao alikuwa Happy Rockefeller, mke wa mtu aliyekuwa ameteuliwa kuwa Makamu wa Rais. Alijikagua baada ya kusikia habari za mwenzake, akakuta uvimbe, akakatwa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Betty Ford aliishi mpaka mwaka 2011, akafa na umri wa miaka 93. Happy Rockefeller aliishi mpaka mwaka 2015. Neno moja lililosemwa kwa sauti lilifanya kazi ambayo mabango elfu yasingeifanya.

Na kusema huleta faida nyingine, maana hubadili hata kazi ya matabibu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, kwa mafundisho ya William Halsted, mganga mpasuaji wa Marekani, mwanamke alikatwa titi pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapa, akabaki na kifua kilichoingia ndani na mkono usioinuka vema. Tena hadi miaka ya 1970 ilikuwa kawaida kumlaza mgonjwa kwa dawa bila yeye kujua kama ataamka na titi au bila titi. Kipimo na ukataji vilifanywa katika usingizi mmoja. Rose Kushner, mwandishi wa magazeti, alipopata uvimbe mwaka 1974 alikataa. Alitaka apimwe kwanza, aamke, aambiwe, kisha aamue mwenyewe. Aliwasumbua wakubwa wa utabibu kwa maandishi na kwa ulimi mpaka mwaka 1979 baraza la wataalamu wa nchi ile likapendekeza kwamba hatua hizo mbili zitenganishwe. Na mwaka 1985 Bernard Fisher na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi walioanza mapema, kuondoa uvimbe peke yake na kufuatisha mionzi huokoa maisha sawasawa na kuondoa titi zima. Fisher alikuwa bingwa wa vipimo, lakini vipimo vyake vilihitaji maelfu ya wanawake waliokubali kuhesabiwa.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, maana wako, na hoja zao hazikosi uzito.

Wa kwanza husema kwamba haya ni pambo la mwanamke, na kwamba mambo ya mwili wake si ya kutangazwa sokoni. Nakubali sehemu ya kwanza. Sitara ni wema, nami nimelelewa ndani yake. Lakini sitara ni ya mwili, si ya habari. Mwanamke aweza kusema, "Niliugua saratani ya titi mwaka fulani, nikatibiwa, na leo ni mzima," naye amejifunika kutoka utosini hadi unyayoni. Zaidi ya hayo simlazimishi mtu kupanda jukwaani. Rachel Carson, mwanamke mwenye elimu ya viumbe wa bahari, aliyewaonya watu juu ya sumu za kuulia wadudu katika kitabu alichokitoa mwaka 1962, alikiandika akiwa na saratani ya titi, akaificha. Alijua kwamba adui zake wangesema ameandika kwa uchungu wa maradhi yake. Siri ile aliichagua mwenyewe kwa sababu aliyoijua, na ninaiheshimu. Ninayoipinga ni siri anayolazimishwa mtu na mume, wakwe, mwajiri na majirani. Hata Carson mwenyewe, kabla ya kuwaficha wengine, alifichwa: mwaka 1960 daktari wake hakumwambia ukweli wa yaliyoonekana mwilini mwake, na muda wa thamani ukapotea. Alifariki mwaka 1964.

Wa pili husema kwamba nikiwasifu waliopona nitawatukana waliokufa. Hoja hii ndiyo kali kuliko zote, na wako watetezi wa waliopona wanaoistahili. Hao ndio waandikao kwamba fulani ameishinda saratani kwa ushujaa wake, na fulani ameshindwa katika vita. Je, aliyekufa hakuwa shujaa? Alikosa juhudi? Alipewa silaha gani akaitupa? Maradhi haya yana namna nyingi. Nyingine ni pole, nyingine ni kali hata zikigunduliwa mapema, na ziko zinazorudi baada ya miaka kumi ya matumaini. Wako pia wanawake ambao maradhi yao hayaondoki kabisa, nao wanaishi nayo miaka mingi kwa dawa, wakifanya kazi na kulea. Napendelea tuache maneno ya vita. Tuseme aliugua, alitibiwa, anaishi. Au tuseme aliugua, alitibiwa, alikufa. Maneno hayo hayamtukani mtu.

Wa tatu ni mtu mwenye hasira, na hasira yake ni ya haki. Huniuliza, "Unamwambia maskini aseme, akisema, atatibiwa na nani, na kwa fedha gani?" Namjibu kwamba anasema kweli. Wako wanawake waliosema mapema kabisa, wakapewa vidonge vya maumivu katika zahanati na kuambiwa kwamba ni maziwa yameganda, au kwamba ni vijana mno kwa maradhi hayo. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kenya aliyetaka mionzi katika hospitali ya umma hakuwa na mahali ila Nairobi, hata kama kwao ni Lamu au Lodwar. Ni miaka ya karibuni tu ambapo vituo vimefunguliwa Mombasa, Nakuru na Garissa. Sheria yetu ya kuzuia na kudhibiti saratani ilipatikana mwaka 2012, karibu miaka 50 baada ya uhuru. Lakini namwuliza mwenye hasira: barabara zilijengwa kwa ajili ya nani, na maji yalivutwa kwa ajili ya nani? Vilitolewa kwa watu walioonekana na kupiga kelele. Wagonjwa wasioonekana hawana diwani wala mbunge. Serikali itanunuaje mashine kwa ajili ya watu ambao jamaa zao wenyewe wanaapa kwamba hawapo?

Nimezungumza juu ya kuugua na kufa. Nizungumze sasa juu ya kuishi, maana hapo ndipo ukatili wetu ulipo mkubwa na haujulikani. Mwanamke aliyemaliza matibabu hajamaliza safari. Nywele humrudia, lakini nguvu hurudi polepole. Mkono wa upande uliokatwa huweza kuvimba akibeba ndoo au akipalilia siku nzima, kwa sababu tezi za kwapa zimeondolewa. Wengine humeza kidonge kila siku kwa miaka mitano au kumi, na kidonge hicho huwaletea joto la ghafula na usingizi wa mang'amung'amu. Kila anapokaribia siku ya kupimwa tena, moyo humdunda. Haya yote angeweza kuyabeba. Asichoweza kukibeba ni sisi. Mwajiri humwona kama chombo kilichopasuka. Katika shule moja, nisiyoitaja, mwalimu aliyerudi kazini akiwa mzima alinyang'anywa darasa la mwaka wa mwisho "ili apumzike," naye hakuwa ameomba kupumzika. Wifi huanza kumtafutia kaka yake mke mwingine. Majirani humpa pole mwaka wa tano kama walivyompa mwezi wa kwanza, wakimtazama kwa macho ya mazishi. Kisha tunashangaa kwamba wenzake hawataki kujulikana!

Audre Lorde, mshairi wa Kimarekani mwenye asili ya Karibi, alikatwa titi mwaka 1978. Aliporudi kwa daktari wake bila kuvaa titi la bandia, mwuguzi alimwambia kuwa kutolivaa kunavunja moyo wa watu wa pale. Lorde alikasirika, akaandika baadaye kwamba kujificha huku kunawafanya wanawake waliougua wasitambuane. Simkatazi mtu kuvaa titi la bandia, liwe la mpira, la uzi uliofumwa, au la kitambaa kilichojazwa pamba; ni haki yake, na nguo hukaa vema. Lakini swali la Lorde halijajibiwa: tunamvalisha kwa faida yake au kwa faida ya macho yetu? Hali kadhalika riboni za waridi tuzivaazo kila Oktoba. Si mbaya. Ila riboni juu ya kifua cha mtu ambaye hajaugua haina ushahidi wa mtu mmoja aliyeugua anayesema, "Mimi ni huyu hapa."

Na wewe mwanafunzi usidhani kuwa umesimama nje ya mambo haya. Yamkini mwalimu anayekufundisha, au mpishi wa shule, au mama anayekuuzia maandazi langoni, ni mmoja wao. Yeye anajua kama hapo ni mahali pa kusema au pa kunyamaza kwa kukisikiliza kicheko chako.

Nilisema kwamba nitaeleza habari ya matanga. Siku ya tatu, baada ya hitima, wanawake walikuwa wamejaa katika chumba cha marehemu, nami nilikuwamo. Walikuwa wakisema yale yasemwayo daima: kwamba maradhi yale hayana dawa, na kwamba aliyeandikiwa ameandikiwa. Shangazi yangu, ambaye alikuwa hajasema neno tangu maziko, aliinuka akafunga mlango. Alikuwa na umri wa miaka 66. Akasema, "Ana dawa. Nami niliijua dawa yake nikaificha." Kisha akafungua leso yake mbele yetu sote. Hapana aliyepiga kelele. Kovu lilikuwa jembamba na jeupe, la zamani, limetulia kama mstari wa mkono. Mama mmoja mzee alinyosha kidole akaligusa, akauliza ni la mwaka gani. Shangazi akamwambia. Wakaanza kuhesabu miaka kwa sauti, mmoja mmoja, kama wahesabuo fedha.

Jioni ile wanawake wawili walimfuata shangazi jikoni, kila mmoja kwa wakati wake. Jumatatu alipanda matatu pamoja nao kwenda hospitali, akakaa katikati yao. Mmoja aliambiwa kwamba uvimbe wake ni wa mafuta tu, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wa pili alikutwa nayo, ikiwa bado ndogo. Shangazi amekwisha kufariki, kwa ugonjwa wa moyo, mwaka 2016. Huyo wa pili bado anasuka mikeka.